Somo: Jijengee Ghala la Mahindi Nyuma ya Nyumba



Mwezi wa saba na wa nane, mahindi yakishavunwa, nenda soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi. Utaona magunia mengi yakiuzwa. Bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza. Mwezi wa tatu ukifika, masika inaanza, magunia yamepungua na bei imepanda. Na wanaonunua mwezi huo, wengi wao ni walewale waliouza mwezi wa nane.

Tulimuuliza mama mmoja mwenye shamba chini ya Usa River: Kwa nini uliuza yote? Akatujibu bila kuficha: "Mwalimu, nikiyaweka ndani panya watakula, na dumuzi watamalizia. Heri niuze nipate chochote."

Jibu lake ni la kweli, wala hatumlaumu. Lakini mtu anayeuza kwa kuogopa panya hapangi bei yake. Panya ndiye anayempangia. Basi leo tujifunze kujenga ghala dogo, la kutosha familia moja, kwa mikono yetu wenyewe.

Wezi watatu

Ghala zuri linazuia wezi watatu: maji, panya na wadudu.

Maji huingia kwa paa bovu, kwa ukuta unaopigwa na mvua, na kwa unyevu unaopanda kutoka ardhini. Mahindi yakipata unyevu huota ukungu, na aina fulani za ukungu hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Chakula ni Uhai, tulifundishwa kwamba chakula ndicho uhai wetu. Chakula chenye sumukuvu ni kinyume chake. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walifariki kwa sababu ya sumu hiyo. Kuosha mahindi au kuyapika hakuiondoi.

Panya tunawajua. Kila wanachokula, wanachafua kingine.

Wadudu wabaya zaidi ni fukusi na dumuzi. Zamani wazee wetu waliweka mahindi darini, yakiwa bado kwenye magunzi, juu ya moshi wa jiko. Njia hiyo iliwafaa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligunduliwa mdudu mgeni mkoani Tabora, mwenye asili ya Amerika ya Kati. Ndiye dumuzi. Wengine walimwita Scania, kama lile lori. Alisambaa nchini pamoja na mahindi yaliyosafirishwa. Dumuzi hupenda hasa mahindi yaliyo kwenye magunzi, na tena huishi ndani ya miti mikavu. Ndiyo maana siku hizi tunashauriwa kupukuchua mahindi kwanza, ndipo tuyahifadhi.

Tujenge kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo tutatumia hesabu tulizojifunza darasani.

Tuseme familia yako inakula debe 3 za mahindi kwa mwezi. Mwaka una miezi 12. Basi 3 mara 12 ni debe 36. Gunia moja ni kama debe 6. Gawa 36 kwa 6, unapata gunia 6. Ongeza gunia 4 za kuuza bei itakapopanda. Jumla gunia 10.

Gunia likilazwa huchukua urefu wa kama meta 1 na upana wa sentimeta 60. Magunia mawili yakilazwa pamoja, upana wake ni meta 1 na sentimeta 20. Panga mawilimawili, ngazi tano kwenda juu, yatakuwa 10. Acha nafasi ya nusu meta au zaidi kila upande, hewa ipite na wewe upate pa kukagua. Kwa hiyo ghala la urefu wa meta 2.4 na upana wa meta 2 linatosha.

Tujenge wapi?

Chagua mahali palipoinuka. Sisi wa Mlima Meru tunaishi kwenye mteremko, na maji ya mvua hushuka kwa nguvu. Chimba mtaro upande wa juu wa ghala ili maji yapite pembeni.

Kaa mbali na jiko kwa ajili ya moto, na mbali na zizi kwa ajili ya unyevu. Angalia pia migomba. Ghala lisiguswe na jani wala tawi; acha meta 2 wazi pande zote. Panya hupanda mgomba, akatembea juu ya jani, akashukia paani.

Mlango usielekee mvua inakotoka. Hujui inatoka wapi? Tazama kuta za nyumba yako. Ukuta wenye madoa mengi ya maji utakuonyesha.

Kazi yenyewe

1. Pima kiwanja kwa kamba na vigingi, meta 2.4 kwa meta 2. Kisha pima kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kama msalaba. Vipimo viwili vikilingana, kila kimoja meta 3 na sentimeta 12, ghala lako limekaa mraba. Visipolingana, sogeza vigingi.

2. Tafuta nguzo 9 zilizonyooka, unene wa sentimeta 12 au zaidi. Mkaratusi unafaa. Toa maganda yote, maana wadudu hujificha chini yake. Nguzo ikiwa na vitundu vinavyotoa unga, iache. Huenda dumuzi yumo tayari.

3. Chimba mashimo 9, safu 3 zenye mashimo matatu matatu, kina cha sentimeta 60. Chini ya kila shimo weka jiwe bapa ili nguzo isizame. Kumbuka zitabeba kilo 1,000. Sehemu inayoingia ardhini ipake oili chafu ya gari dhidi ya mchwa. Simamisha nguzo, shindilia udongo na mawe, halafu kata vichwa vyote vilingane, meta 1 kutoka ardhini. Tumia pima maji.

4. Vika kila nguzo kinga ya panya. Kata bati, au debe lililopasuliwa, ulikunje kama sahani iliyofunikwa. Lipigilie karibu na kichwa cha nguzo, litokeze sentimeta 20 au zaidi pande zote. Lisiwe chini ya sentimeta 90 kutoka ardhini, kwa sababu panya anaweza kuruka juu sana. Akipanda akakuta sahani imemfunika kichwa, atarudi chini.

5. Laza boriti 3 juu ya safu za nguzo. Juu yake panga mbao za inchi 2 kwa 4 kila baada ya sentimeta 40. Hapa tusikosee hesabu: sentimeta 240 ukigawa kwa 40 unapata nafasi 6, lakini mbao ni 7, maana kuna moja ya mwanzo. Mwisho pigilia mbao za sakafu zikibanana.

6. Simamisha miti ya kuta. Mbele iwe meta 2.1, nyuma meta 1.7, ili paa lishuke upande mmoja. Kuta waweza kuziba kwa mabanzi yaliyotolewa maganda. Ni nafuu kuliko mbao. Acha dirisha dogo mbele na jingine nyuma, karibu na paa. Yazibe kwa wavu ule wa kuanikia kahawa. Hewa itapita, panya hatapita.

7. Ezeka kwa bati za meta 3. Bati moja, baada ya kulaliana na jirani yake, hufunika kama sentimeta 75. Paa lina meta 2.4 za ghala na nusu meta ya kutokeza kila upande, jumla meta 3.4. Bati 4 zinafunika meta 3 tu. Nunua 5.

Kabla ya kuingiza mahindi

Ghala halikaushi mahindi. Ukiingiza mabichi, yataoza humo humo. Jaribu hivi: chukua chupa kavu kabisa, tia punje kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa vizuri. Acha itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo.

Ghala peke yake halizuii wadudu wote. Ukitumia dawa ya unga, soma kibandiko mwenyewe: kipimo kwa gunia, tarehe ya mwisho, na siku za kungoja kabla ya kula. Mtu aliyesoma kisomo asikubali dawa iliyofungwa kwenye karatasi isiyo na maandishi. Au tumia mifuko ya tabaka tatu, ile iitwayo kinga njaa, isiyohitaji dawa. Toa hewa, funga kila tabaka peke yake. Ila panya akiutoboa mfuko huo, umekwisha. Kwa hiyo hata mfuko mzuri unahitaji ghala zuri.

Kosa letu

Tuliwahi kujenga ghala la mfano nyuma ya darasa. Nguzo nzuri, kinga nzuri, tukajisifu. Baada ya majuma mawili tukakuta gunia limetobolewa. Tulizunguka ghala lote tukitafuta tundu, hatukuliona. Mzee mmoja wa darasa letu akacheka, akaonyesha ngazi. Kila jioni tulikuwa tukiiacha imeegemea mlangoni. Panya walikuwa wakipanda kwa ngazi, kama sisi.

Basi ngazi iondolewe kila mara. Usiegemeze jembe wala kuni kwenye ghala. Mbolea na mafuta ya taa visikae humo. Kagua kila baada ya majuma mawili. Na kabla ya mavuno mapya, fagia mabaki yote na uyachome.

Maswali

1. Kwa nini nguzo hutolewa maganda?
2. Familia yako inakula debe ngapi kwa mwezi? Ni gunia ngapi kwa mwaka?
3. Ghala la urefu wa meta 3.2 linahitaji mbao ngapi chini ya sakafu, zikipangwa kila sentimeta 40?
4. Andika bei ya debe moja sokoni kwenu mwezi wa nane, na tena mwezi wa tatu. Toa ndogo katika kubwa. Zidisha kwa idadi ya debe ulizouza mwaka jana. Jibu utakalopata, lilinganishe na gharama ya bati 5.