Njia ya Miguu Huanzia Kwenye Ramani

Pembezoni mwa Dar es Salaam mabango ya viwanja hayaishi: vimepimwa, umeme upo, maji yapo. Kuhusu pa kutembea na mti wa kivuli, bango halisemi neno. Kazi yangu ni mipango miji, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Swali: Njia ya waenda kwa miguu si itajengwa lami ikija? Kwa nini niifikirie leo ninaponunua kiwanja?

Jibu: Lami ikifika, nafasi huwa imeshaliwa. Upana wa barabara huamuliwa kwenye mchoro wa mipango miji, kabla bikoni ya kwanza haijachimbiwa. Anayebana barabara ili apate kiwanja kimoja zaidi cha kuuza ameuza njia ya watoto wa shule, na ukuta ukishasimama kwenye mpaka hakuna wa kuirudisha. Omba kuona ramani iliyoidhinishwa, usome upana wa barabara zote zinazokuzunguka.

Swali: Njia yenye upana gani inatosha?

Jibu: Kiti cha magurudumu hupita kwenye sentimita 90, viwili vikipishana huhitaji mita 1.8. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani naye anahitaji nafasi yake. Ndiyo maana wapangaji wengi hutaka mita 2 zilizo wazi, na shika hilo neno "wazi". Nguzo ya umeme, meza ya vocha na bodaboda iliyoegeshwa haviingii kwenye hesabu hiyo. Acha ukanda mwingine upande wa magari kwa ajili ya miti, nguzo na taa. Wa ndani ubaki wa miguu.

Swali: Geti langu liko juu kuliko barabara. Fundi amemwaga zege la mteremko hadi nje. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Tembea mtaa wowote uliojengwa juzi: njia inapanda mbele ya geti la kwanza, inashuka, inakatizwa na mtaro usio na mfuniko, inapanda tena kwa jirani. Mzee mwenye mkongojo anaona afadhali atembee barabarani na magari. Mteremko wa gari lako uumalizie ndani ya uzio. Pale njia ya miguu inaposhuka kuvuka barabara, kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Ukingo wa sentimita 15 unataka mteremko wa mita 1.8.

Swali: Nipande mti gani mbele ya nyumba?

Jibu: Tazama juu na chini kwanza. Kama juu kuna nyaya za umeme, mvinje utakuletea vita na mafundi wa umeme. Mwarobaini huvumilia kiangazi na kivuli chake ni kizuri. Mkungu hutandaza matawi vizuri, lakini majani yake mapana huziba mitaro. Ashoka hukaa mwembamba mahali pafinyu, ila usiutegemee kwa kivuli. Miti ya jamii ya mkuyu iwe mbali na shimo la choo na mabomba, maana mizizi yake hufuata maji. Kosa kubwa kuliko yote ni kuzungushia shina saruji hadi shingoni. Acha udongo wazi, angalau mita 1.5 kwa 1.5 ukiweza, ili mvua iingie. Mti usiopata maji chini huinua vitofali vya njia ukiyatafuta.

Swali: Shamba tunalotaka kupima lina miembe mikubwa. Tuikate?

Jibu: Ichoreni kwenye ramani kwanza. Nairobi, mwaka 2020, mugumo mkongwe wa Westlands ulikuwa ukatwe kupisha barabara ya Expressway, hadi ulipookolewa kwa agizo la rais. Barabara ikajengwa, mti ukabaki. Kama barabara kubwa vile iliweza, mtaa wa viwanja hauna kisingizio: sogezeni mpaka kidogo, au mwembe uwe katikati ya eneo la wazi. Mwembe wa miaka 40 hauuzwi kwenye kitalu.

Swali: Nikiona jirani amejenga juu ya njia, nimfuate nani?

Jibu: Anza serikali ya mtaa, kisha halmashauri, ambayo ndiyo mamlaka ya upangaji kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Barabara za mitaa ziko chini ya wakala wa barabara, TARURA, iliyoanzishwa 2017. Zile mita 30 za hifadhi ya barabara kila upande zinazotajwa vijiweni ni za barabara kuu na za mikoa. Za mtaani kwako zisome kwenye ramani ya upimaji.

Ukienda kuonyeshwa kiwanja, chukua futi kamba. Pima kutoka bikoni yako hadi ya ng'ambo ya barabara. Kipimo kisipofanana na ramani, usilipe siku hiyo.