Mayai ya Bata Si ya Kuku: Somo la Siku 35

Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri. Methali hiyo nimeiandikia insha tangu shule ya msingi na alama nikapata, lakini maana yake niliijua siku nilipovunja yai la bata kwa mikono yangu mwenyewe. Ngoja nikusimulie, kisha tujifunze pamoja.

Sisi twakaa Likoni. Nyanya yangu hufuga bata, wale wakubwa wenye nyama nyekundu usoni. Likizo moja, bata jike mmoja aligongwa na matatu hapo barabarani. Alikuwa ndio kwanza amemaliza kutaga, hata kuatamia hajaanza. Akaacha mayai 12 kiotani. Nikamwambia nyanya nitayaangua kwa mashine. Nyanya akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjukuu wangu, wewe umekuwa bata lini?"

Mjomba wangu, fundi wa stima kule Changamwe, alinitengenezea sanduku la mbao lenye globu mbili, kidhibiti joto cha kuziwasha na kuzizima, feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, waya wa kuwekea mayai, na mkebe wa maji chini yake. Nikasoma kijitabu kuhusu bata, kikaniambia siku 28. Nikazihesabu kwenye kalenda ukutani.

Siku ya 28 ikafika, kimya. Ya 29, kimya. Siku ya 30 watu nyumbani wakaanza kunicheka: "Hayo ni mayai viza, katupe." Nikaona haya. Nikachukua yai moja, nikalivunja nilione. Lo! Kifaranga alikuwa hai. Alikuwa amekamilika, miguu yote na mdomo, ila kiini bado hakijaingia tumboni. Alikata roho kiganjani mwangu.

Nyanya alipokuja hakunigombeza. Alisema tu, "Bata wangu huatamia majuma matano. Mbona hukuniuliza?"

Kumbe kijitabu hakikukosea, mimi ndiye niliyekosea. Bata wengi wa kufugwa duniani, kama Pekin na Khaki Campbell, wana asili moja na bata mwitu wa kaskazini ya dunia, na mayai yao huanguliwa kwa siku 28. Hawa wa kwetu wenye nyama usoni ni jamii nyingine kabisa. Asili yao ni Amerika Kusini, Wazungu huwaita Muscovy, na mayai yao huchukua siku 35. Kuku naye ni siku 21. Kwa hivyo, funzo la kwanza: mjue bata wako kabla hujaanza kuhesabu.

Funzo la pili ni lile swali la nyanya. Mtu hawi bata, lakini mashine lazima ifanye kazi ya bata. Mtazame bata anavyoatamia, utaona ana kazi nne.

Kazi ya kwanza ni joto. Mashine yenye feni yatakiwa nyuzi 37.5 za sentigredi. Usidhani joto la Mombasa litakusaidia. Jikoni kwetu huwa nyuzi 28 au 30. Hilo halitoshi kuangua yai, lakini latosha kuliharibu, kwani kiinitete huanza kukua kidogo kidogo joto likipita nyuzi 20 na ushei, kisha hufa njiani. Mayai ya kuangua yaweke mahali penye baridi kiasi, na usiyalimbikize siku nyingi. Kama umeyanunua Kisauni yakapanda matatu na feri hadi Likoni, yapumzishe kwanza kwa siku moja, ncha nyembamba ikiangalia chini, ndipo uyatie mashineni.

Kazi ya pili ni unyevu. Hapa wengi husema, "Pwani hewa ina maji tele, mkebe wa nini?" Nami nilisema hivyo hivyo. Somo la Fizikia lina jibu. Hewa ikipashwa moto, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka. Chukua hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 75. Ukiipasha hadi nyuzi 37.5, unyevu wake hushuka hadi kama asilimia 44. Yai la bata lataka kama asilimia 55 hadi 60, na siku tatu za mwisho 70 au zaidi. Bila mkebe wa maji, ngozi ya ndani ya yai hukauka, kifaranga akanasa asiweze kujigeuza na kutoka.

Kazi ya tatu ni kugeuza. Bata hugeuza mayai yake kwa mdomo mara nyingi kwa siku. Usipoyageuza, kiinitete hugandamana na ngozi ya yai. Mimi niliandika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, nikageuza mara tano kila siku. Hesabu iwe witiri, tatu au tano, ili upande mmoja usilaliwe kila usiku. Siku tatu kabla ya kuanguliwa, acha kugeuza.

Kazi ya nne ni hewa. Yai lapumua kupitia vitundu vya kaka lake, na kifaranga anavyokua ndivyo anavyohitaji hewa zaidi. Sanduku lisilo matundu ni kaburi.

Kuna jambo jingine alilonionyesha nyanya. Bata huondoka kiotani mara moja kwa siku kwenda kula na kuoga, kisha hurudi na manyoya maji maji. Basi kuanzia siku ya 10 hivi, nilifungua sanduku dakika 10 kila siku, nikayanyunyizia mayai maji ya uvuguvugu.

Siku ya 10 pia niliyamulika kwa tochi gizani. Yai lililo hai huonyesha mishipa myekundu kama mizizi. Matatu yalikuwa meupe tu, hayana kitu, nikayatoa.

Usiku mmoja stima ilipotea. Nilitaka kufungua nione, mjomba akanikataza kwa simu. Stima ikipotea usifungue. Funika sanduku kwa blanketi bila kuziba matundu, na ukiweza weka chupa za maji moto ndani, mbali na mayai. Mayai hustahimili kupoa kwa saa kadhaa. Joto likizidi, hapo ndipo huua upesi, kwa hiyo usiweke sanduku juani wala chini ya bati.

Wala usidhani haya ni mambo ya Wazungu. Wamisri wamekuwa wakiangua mayai kwa matanuri ya udongo kwa zaidi ya miaka 2000. Mafundi wao walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Mwanasayansi Mfaransa, Réaumur, aliandika kitabu kuhusu ufundi wa kuangua mayai mwaka 1749, na humo alieleza ustadi wa Wamisri hao.

Turudi Likoni. Siku ya 34 nilisikia mlio ndani ya yai. Kaka likapasuka kitundu, kisha kimya usiku kucha. Mkono uliniwasha nikitaka kumsaidia! Nikakumbuka yule wa kwanza, nikaketi. Kifaranga hupumzika, humalizia kufyonza kiini na damu iliyo kwenye mishipa, na kazi hiyo yaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Ukimtoa mapema, atavuja damu.

Siku ya 35 walitoka wanne, na kesho yake wawili. Wawili walifia ndani. Niliwaacha wakauke mashineni, kisha nikawahamishia kwenye boksi lenye globu, nyuzi 32 juma la kwanza, nikipunguza nyuzi tatu hivi kila juma. Maji yao yawe kwenye chombo kifupi, yafike puani wasafishe pua, lakini wasiogelee. Wasiolelewa na mama hulowa upesi, wakapata baridi na kufa.

Nyanya aliwahesabu sita, akasema, "Haya, bata wewe." Sijawahi kupata cheti kikubwa kuliko hicho.

Msamiati
Kuatamia: kulalia mayai ili yapate joto.
Kuangua: kutoa kifaranga katika yai.
Viza: yai lililoharibika, lisiloweza kuanguliwa.
Witiri: hesabu isiyogawanyika kwa mbili.

Maswali
1. Taja kazi nne za bata anayeatamia.
2. Kwa nini mkebe wa maji wahitajika hata Mombasa?
3. Mwandishi alikosea wapi, na angemwuliza nani kwanza?