Mvinje si Ndugu wa Msunobari

Nilipokuwa mwalimu niliwapeleka watoto wa darasa langu ufuoni, nikawaonyesha mvinje na kuwaambia kuwa ni ndugu wa msunobari. Nilikosa, na kosa hilo nalisikia hata leo hapa kisiwani Mombasa, toka Mji wa Kale mpaka Kilindini.

Chuma kijiti chembamba cha mvinje, ukivute polepole. Kitakatika penye vifundo, na kila kifundo kimezungukwa na meno madogo sana. Meno hayo ndiyo majani; ulichodhani ni jani ni kitawi. Tena mvinje hutoa maua, na mbegu yake hufungwa ndani ya tunda. Mizizi yake huhifadhi vijidudu vinavyoirutubisha ardhi, ndiyo sababu mwaka 1971 ilipandwa katika machimbo ya saruji ya Bamburi, penye matumbawe matupu, ikastawi.

Ukoo wa msunobari hauna maua. Mbegu zake hukaa wazi, hazikufungwa ndani ya tunda. Ukoo huo una matawi manne. Kubwa ni la miti yenye koni, aina zaidi ya 600: msunobari na saiprasi, iliyoletwa Kenya kutoka ng'ambo, ambayo mbao zake twazinunua kutoka bara, na wenyeji wa milima yetu, mtarakwa na podo. Mawili tuyapite, moja limebakiwa na aina moja tu, ginkgo wa China. La nne latuhusu sisi wa pwani: ni la mtapo.

Ukiuona mtapo utadhani ni jamaa ya mnazi. Lakini hautoi karara. Katikati ya makuti yake huota koni, dume mti wake na jike mti wake, kama mpapai. Mtapo wa misitu yetu, ambao wataalamu huuita Encephalartos hildebrandtii, una mbegu nyekundu zinazowavuta sana watoto. Mbegu hizo ni sumu, hudhuru ini. Zamani wakati wa njaa watu walipata unga katika mtapo, lakini baada ya kazi ndefu ya kuondoa sumu, usijaribu. Wala usiung'oe mwituni ukauze, kwani mapatano ya mataifa yamekataza biashara hiyo.

Mtoto akila mbegu hizo, mpeleke hospitali mara moja, usingoje atapike, na uchukue mbegu moja daktari aione.