Karatasi za Mfungwa: Somo kutoka Ravensbrück

Ndugu wafanyakazi, katika somo hili tutatazama karatasi za mwanamke mmoja wa Ufaransa, Germaine Tillion, aliyezaliwa mwaka 1907. Kazi yake ilikuwa kuchunguza maisha ya jamii, na kwa miaka kadhaa aliifanya katika milima ya Aurès huko Algeria. Majeshi ya Hitler yalipoiteka Ufaransa mwaka 1940, aliungana na wenzake kuyapinga kwa siri. Agosti 1942 alisalitiwa, akakamatwa mjini Paris. Oktoba 1943 alipelekwa Ujerumani, katika kambi ya wanawake ya Ravensbrück, kaskazini ya Berlin.

Kambi ile ilikuwa gereza, tena ilikuwa biashara. Wafungwa walikodishwa kwa wenye viwanda. Kampuni ya Siemens ilijenga karakana zake kando ya kambi mwaka 1942. Kodi ya kila mfungwa ilihesabiwa kwa siku na kulipwa kwa watawala wa kambi. Mwanamke aliyetoka jasho hakupata hata senti. Wengi waliodhoofika waliuawa, na wengine wakaletwa kushika nafasi zao.

Tillion hakuwa na bunduki. Aliwauliza wenzake, akakusanya hesabu, na mwaka 1944 akawaeleza wafungwa kwa siri jinsi jasho lao lilivyogeuzwa faida, na ni nani aliyeila. Aliona kuwa mtu anayekielewa kinachomponda hupata nguvu ya kukikabili.

Mwishoni mwa mwaka huo, akiwa amejificha ndani ya sanduku la mizigo huku wenzake wakimlinda, aliandika mchezo wa kuimba unaoyadhihaki maisha ya kambi. Majina ya wakubwa wa kambi nayo aliyaficha katika maandishi yaliyoonekana kuwa ya mapishi tu.

Tarehe 23 Aprili 1945 alitolewa na Msalaba Mwekundu wa Sweden. Alitoka na majina hayo, pamoja na filamu ya picha za miguu ya wanawake wa Poland waliopasuliwa na madaktari wa kambi kwa majaribio. Mama yake, aliyefungwa humo pia, hakutoka: aliuawa Machi 1945.

Tillion alihudhuria kesi ya wakuu wa kambi mjini Hamburg, akaandika kitabu juu ya Ravensbrück. Mchezo wake ulioneshwa jukwaani Paris mwaka 2007, yeye akiwa na miaka 100. Alifariki mwaka 2008.

Tunajifunza nini? Hatusemi kwamba kila kiwanda ni kambi. Tunasema kwamba dhuluma hupenda giza, na maandishi ni taa. Mali bila daftari huisha bila habari. Na haki ya mfanyakazi ni vivyo hivyo. Basi tutunze mikataba, hati za mishahara na kumbukumbu za ajali kazini.

Maswali ya kujadiliana tawini:
1. Kwa nini Tillion aliwaeleza wenzake hesabu za kambi?
2. Sisi tunajua kazi yetu inaleta faida kiasi gani?
3. Karatasi za tawi letu zinatunzwa wapi, na nani?