GARI LIKILIA, ULIZA LINALIA VIPI: Somo la Milio ya Injini

Tangu shule ya msingi tumekariri milio. Simba hunguruma, mbwa hubweka, jogoo huwika, na asiyejua hayo hukatwa alama. Lakini je, beringi ikiisha hulia vipi? Na mkanda ukilegea?

Hapa kwetu Illasit swali hili si la mzaha. Mji wetu uko mpakani, Tarakea ya Tanzania iko ng'ambo tu, na biashara ya nyanya, vitunguu na maharagwe hutegemea magari. Gari likizima kati ya Kimana na Emali, nyanya hazimngoji fundi. Zinaoza, na karo ya mtoto wa mtu huoza pamoja nazo.

Hebu soma mazungumzo haya, ambayo unaweza kuyasikia katika gereji yoyote:

Dereva: Fundi, hii gari inalia.
Fundi: Inalia aje, mzee?
Dereva: Inalia tu. Wewe angalia.
Fundi: Basi hiyo injini imekwisha. Lete pesa tufungue.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili atasema haraka kwamba ilifaa kuwa "gari hili linalia". Ni kweli. Lakini kosa la ngeli halimgharimu dereva hata senti. Kosa lililomgharimu ni kutosema gari linalia vipi, wapi na lini. Injini nzima inafunguliwa kwa sababu ya maelezo nusu.

MASWALI MANNE

Kabla ya kushika spana, jiuliza haya:

1. Mlio ni wa namna gani? Ni mwembamba au mzito? Ni wa chuma au wa mpira?
2. Hutokea lini? Asubuhi injini ikiwa baridi, ikishapata moto, au gari likipanda mlima?
3. Hutoka wapi? Juu ya injini, chini, mbele kwenye mikanda, au kwenye ekzosi?
4. Hufuata nini? Simamisha gari, weka gia huru, kisha kanyaga mafuta. Mlio ukiongezeka na gari limesimama, tafuta kwenye injini. Ukisikika gari likienda tu, chunguza magurudumu na shafti kwanza.

MILIO NA MAANA YAKE

(a) Kwiii! Huu ni mkanda unaoteleza, hasa asubuhi kwenye baridi. Zima injini, utazame kama umepasuka au umelegea. Ukilegea hukazwa, ukipasuka hubadilishwa. Ni kazi ndogo.

(b) Kukoroma mbele ya injini. Huenda ni beringi ya pampu ya maji au ya altaneta. Fundi hutoa mkanda, huwasha injini kwa sekunde chache tu, kisha huizima. Mlio ukipotea, basi mgonjwa ni kimojawapo cha vitu vinavyozungushwa na mkanda huo, na si injini yenyewe.

(c) Puf-puf-puf. Ni moshi unaovuja penye gasketi ya ekzosi. Mara nyingi hupungua injini ikipata moto, kwa kuwa chuma hutanuka na kuziba ufa.

(d) Chakara-chakara wakati wa kuwasha. Katika injini zenye cheni ya taimingi, kama ile ya Toyota Probox ya cc 1,500 inayoitwa 1NZ-FE, cheni iliyolegea hulia hivi. Usiipuuze, kwani ikiruka meno, vali na pistoni zaweza kugongana.

(e) Tik-tik-tik juu ya injini. Ni tapeti. Vali huhitaji nafasi ndogo, isiyofika nusu milimita, na nafasi ikizidi husikika. Mlio huu ni mwepesi na hwenda polepole kuliko injini, kwa kuwa kemu shafti huzunguka mara moja kila injini inapozunguka mara mbili. Pima oili kwanza, halafu fundi arekebishe nafasi. Lakini asiibane mno ili kunyamazisha kelele! Vali iliyobanwa haifungi vizuri, nayo huungua kimyakimya. Afadhali tapeti inayolia kidogo.

(f) Kokoto ndani ya mkebe, gari likipanda kutoka Kimana kwenda Loitokitok. Hapa petroli inalipuka ndani ya silinda vibaya. Sababu yaweza kuwa taimingi, joto kupita kiasi, au petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulileta hasara hadi serikali ya Kenya, mwaka wa 2018, ikatoza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo walaghai. Badilisha kituo cha mafuta kabla ya kubadilisha injini.

(g) Ngo! Ngo! Ngo! Mlio mzito kutoka chini, unaozidi ukikanyaga mafuta. Huu ndio wa kuogopwa. Ni beringi ya konrodi. Kati ya beringi na krenki kuna utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikosekana, chuma hugonga chuma. Ikiwa na taa ya oili imewaka, zima injini papo hapo, hata kama umebakisha kilomita mbili. Ukizima mapema huenda ukabadilisha beringi na kusaga krenki. Ukiendelea, konrodi yaweza kukatika na kutoboa bloku, na hapo injini ni ya kuuzwa kwa kilo.

KUSIKILIZA KAMA DAKTARI

Daktari ana kifaa cha kusikilizia kifua. Fundi naye ana kipande cha mpira wa maji. Huweka ncha moja sikioni, na nyingine huipeleka pole pole karibu na kila sehemu. Mlio hukua unapokaribia chanzo.

Kumbuka pia kupima oili. Weka gari mahali tambarare, zima, ngoja dakika chache, futa kijiti, kitumbukize tena, kisha usome. Oili iwe kati ya alama mbili.

Tahadhari: usikaribie mkanda unaozunguka ukiwa na shuka, tai au mikono mirefu iliyolegea. Wala usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua.

Kanuni ya mwisho ni hii: anza na kilicho rahisi na cha bei nafuu. Oili, mkanda, nati zilizolegea, kisha ndiyo mambo ya kufungua. Dereva akirudi kwa fundi na kusema, "Linagonga ngo-ngo chini, likiwa na moto, nikikanyaga mafuta," hata fundi mwenyewe atamheshimu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

ZOEZI

1. Sahihisha: "Hii gari inalia na hiyo makelele yake ni mingi."
2. Gari hulia kwiii asubuhi, kisha hunyamaza. Utaanza kuchunguza nini?
3. Kwa nini ni hatari kubana tapeti hadi zinyamaze kabisa?
4. Tunga mazungumzo upya kati ya dereva na fundi, safari hii maswali yote manne yakijibiwa.