Jiko la Gesi Linapokataa Kuwaka: Tuanzie Wapi?



Somo la robo hii linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini linaloweza kuirudisha kaya kwenye mkaa: swichi ya jiko la gesi inazungushwa na cheche haitoki. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kugawa majiko peke yake hakutatufikisha huko. Tutafika iwapo jiko lililotolewa leo litakuwa bado linawaka mwaka wa tatu.

Usalama kwanza

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikitoka bila kuwaka haipandi juu kama moshi, bali hutuama sakafuni. Anayezungusha swichi mara kumi mfululizo akitafuta cheche anajaza chumba gesi, na cheche ikija inaweza kumlipukia. Ukijaribu mara mbili bila mafanikio, funga swichi, fungua mlango na madirisha, usubiri dakika chache.

Ukisikia harufu kali ya gesi, usiwashe wala kuzima taa, na usitumie simu ukiwa ndani. Funga mtungi kama unaweza kuufikia salama, toa watu nje, kisha uite msaada.

Cheche inatokana na nini?

Majiko mengi ya mezani hayana betri. Ukizungusha swichi, kinyundo kidogo hugonga kipande maalumu kinachozalisha umeme, nawe husikia mlio mmoja, "ta!" Majiko mengine hutumia betri au umeme wa ukutani, haya hulia mfululizo, "ta-ta-ta". Katika aina zote, umeme hupita kwenye waya hadi kwenye kijiti cha chuma kilichovikwa kauri nyeupe, kisha huruka kama cheche hadi kwenye kichwa cha kutolea moto.

Hatua za ukaguzi

Funga mtungi, chomoa plagi kama ipo, acha jiko lipoe. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Je, tatizo liko upande mmoja au pande zote? Kwa jiko la betri au umeme, pande zote zikikosa cheche, badilisha betri au kagua umeme. Upande mmoja ukikosa, tatizo liko hapo hapo.

2. Je, kuna maji au uchafu? Uji uliofurika, mafuta na maji ya kusafishia huupotosha umeme. Futa kijiti kwa kitambaa kikavu, sugua polepole kwa mswaki wa zamani, acha kikauke kabisa.

3. Je, kifuniko cha kichwa kimekaa sawa? Kikikaa upande, cheche haifiki inapotakiwa.

4. Je, kauri imepasuka au waya umechomoka? Hapo muite fundi. Kauri iliyopasuka haitengenezwi kwa gundi, kijiti hubadilishwa.

5. Cheche ipo lakini moto hauwaki? Chunguza gesi: huenda mtungi umekwisha au matundu ya kichwa yameziba. Yasafishe bila kuyapanua.

6. Moto unawaka, ukiachia swichi unazimika? Baadhi ya majiko yana kifaa cha usalama kinachohisi joto. Shikilia swichi sekunde chache zaidi. Ukizimika tena, futa kijiti hicho, ikishindikana, fundi.

Ukimaliza, fungua mtungi na upake povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakikua, gesi inavuja: funga, usiwashe. Usipime kamwe kwa kiberiti.

Wakati mnasubiri fundi, jiko lisilovuja laweza kuwashwa kwa kiberiti. Kumbukeni: njiti kwanza, gesi baadaye. Anayefungua gesi kisha kutafuta kiberiti anakaribisha ajali.

Wajibu wa kamati

Katika mfano wa wanawali kumi (Mathayo 25), wote walikuwa na taa. Tofauti ilikuwa akiba ya mafuta. Vivyo hivyo, kila mtaa uwe na mtu mmoja anayezijua hatua hizi, na mtunza hazina atenge fungu dogo la betri, mipira na malipo ya fundi. Nanyi wafadhili wetu, mnapochangia majiko, tunaomba mkubali fungu hilo liwe sehemu ya bajeti tangu mwanzo. Bila hilo, sadaka yenu inaweza kuishia stoo kwa kukosa betri moja.

Maswali ya kujadili

1. Kati ya majiko yaliyotolewa katika usharika wetu, mangapi yanawaka leo?
2. Nani katika mtaa wetu atafundishwa ukaguzi huu, na lini?
3. Fungu la matengenezo litatoka wapi?