Hitilafu za Kadi ya Michoro na Skrini Mbili katika Linux: Umuhimu wa Kuutaja Ugonjwa kwa Jina Lake

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii inamgusa pia mtumiaji wa tarakilishi ambaye hawezi kulitaja tatizo lake. Mwanafunzi anayeandika tasnifu aghalabu huhitaji skrini mbili: moja ya mswada, nyingine ya matini anayoyahakiki. Skrini ya pili inapokataa kuwaka siku chache kabla ya kazi kuwasilishwa, kauli husikika moja tu: "Kioo kimeharibika." Skrini mpya hununuliwa kwa karo iliyosalia, nayo pia hukataa kuwaka. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba, katika mfumo wa Linux, hitilafu ya aina hii aghalabu hukaa katika kimojawapo cha viungo vinne: kebo, kadi ya michoro, kiendeshi au mpangilio. Kila kiungo kina njia yake ya kuchunguzwa.

Kebo

Uchunguzi huanzia kwa kilicho rahisi. Kebo hubadilishwa, kisha skrini hujaribiwa kwenye tarakilishi nyingine. Ieleweke kwamba kebo haipitishi picha pekee. Hupitisha pia taarifa ziitwazo EDID, ambazo kwazo skrini huueleza mfumo uwezo wake. Taarifa hizo zisipofika, mfumo hukisia, na skrini yenye uwezo wa nukta 1920 kwa 1080 huweza kuishia kwenye 1024 kwa 768.

Kadi na kiendeshi

Kadi ni kifaa kinachozalisha picha, ilhali kiendeshi ni programu iliyo mkalimani baina ya kadi hiyo na kiini cha Linux. Amri ya lspci -k huvitenganisha viwili hivi: hutaja kadi iliyopo na, chini yake, kiendeshi kinachotumika. Kadi ikitajwa bila kiendeshi, aliyekosekana ni mkalimani, si msemaji.

Mathalani, kadi za NVIDIA huweza kutumia nouveau, kiendeshi huria kilichoingizwa katika kiini, au kiendeshi cha kampuni yenyewe. Kiini kinaposasishwa, kiendeshi hiki cha pili kisipoundwa upya ili kulingana nacho, hakipakiwi. Aidha, kinga ya Secure Boot huweza kukizuia iwapo hakina saini inayotambuliwa.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa, kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja aghalabu hufungua ukurasa wa amri. Humo, amri ya journalctl -b -k huonyesha malalamiko ya kiini tangu tarakilishi ilipowashwa. Neno nomodeset, likiongezwa kwenye maagizo ya kuwasha, huweza kurejesha picha. Hata hivyo, hiyo ni dawa ya kutuliza maumivu tu. Likiachwa humo, skrini ya pili huenda isitambuliwe.

Mpangilio

Katika mazingira ya X11, amri ya xrandr huorodhesha matundu yote ya picha. Tundu likiandikwa connected ilhali skrini haina picha, basi kifaa kimetambuliwa ila hakijapangwa. Amri ifuatayo huipanga skrini ya pili kuliani mwa ile ya kwanza:

xrandr --output HDMI-1 --auto --right-of eDP-1

Majina ya matundu hubadilishwa kulingana na orodha iliyopatikana. Katika mazingira ya Wayland, kazi hii hufanywa kupitia ukurasa wa mipangilio ya skrini.

Hitimisho

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba menyu za tarakilishi zinaweza kusema Kiswahili. Lakini msamiati wa menyu humfaa mtumiaji mambo yanapokwenda sawa. Yanapoharibika, huhitaji msamiati wa kueleza hitilafu. Ni wajibu wa wanaistilahi, basi, kutoyachanganya maneno kadi na kiendeshi, wala kuyafunika yote kwa neno kioo. Mwanafunzi anayeweza kumwambia fundi kwamba kiendeshi hakikupakiwa baada ya kiini kusasishwa amekwisha kufika nusu ya tiba, na karo yake ingali mfukoni.